Kompyuta darasani: zinapofundisha na zinapobaki kabatini

Mwaka 2016 shule za msingi za serikali nchini Kenya zilianza kupokea kompyuta ndogo zilizokusudiwa watoto wa darasa la kwanza. Ilikuwa ahadi ya kampeni ya uchaguzi wa mwaka 2013, iliyotolewa na muungano wa Jubilee uliomwingiza madarakani Uhuru Kenyatta. Zabuni ya kwanza ilifutwa mwaka 2014 baada ya mvutano mrefu, ikabidi mpango uanze upya. Hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja vilifikishwa katika shule zaidi ya 21,000.

Pamoja na vifaa vya wanafunzi, kila shule ilikusudiwa kupata vifaa viwili vya walimu, projekta na seva ndogo ya kuhifadhia masomo, ili watoto wayafikie hata pasipo intaneti. Shule ambazo hazikuwa na umeme ziliunganishwa na gridi ya taifa au kuwekewa mitambo ya nishati ya jua. Huenda umeme huo ukadumu kuliko kompyuta zenyewe.

Hata hivyo, katika shule nyingi vifaa hivyo viliishia kufungiwa katika ofisi ya mwalimu mkuu kwa hofu ya wezi. Kwingine betri zilikufa na hapakuwa na fundi wa kuzibadilisha. Ugonjwa wa Corona ulipozifunga shule za Kenya mwezi Machi mwaka 2020, watoto walirejea kwenye redio na televisheni, na kompyuta nyingi zikabaki shuleni zilikokuwa.

Jambo hili halikuikabili Kenya peke yake. Serikali, mashirika ya misaada na hata wananchi walio ughaibuni wanaendelea kununua vifaa kwa ajili ya shule za Afrika Mashariki. Je, ni katika hali gani kifaa cha kidijitali humsaidia mtoto kuelewa somo, na ni katika hali gani hugeuka kuwa pambo?

Somo la kompyuta, na kompyuta katika somo

Mambo mawili huchanganywa mara kwa mara. La kwanza ni kufundisha kompyuta kama somo: mwanafunzi hujifunza sehemu za mashine, kuandika kwa kicharazio na kuhifadhi faili. La pili ni kuitumia kompyuta kufundisha jambo jingine, kama vile sehemu katika hisabati, mzunguko wa damu katika biolojia au ramani katika jiografia. Shule inaweza kulifanya la kwanza vizuri bila ya kuligusa la pili hata siku moja.

La pili ndilo gumu. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, Punya Mishra na Matthew Koehler, walieleza kwamba linadai maarifa ya aina tatu yakutane kwa mtu mmoja: kulijua somo, kujua namna ya kulifundisha, na kukijua kifaa. Mwalimu anayeijua kompyuta lakini hajui ni wapi watoto hukwama katika kugawanya sehemu, hatajua aonyeshe nini kwenye skrini. Na mwalimu mzoefu, anayejua hasa wapi hukwama, aghalabu ndiye asiyepewa mafunzo ya kifaa.

Mafunzo yenyewe nayo huwa mafupi. Walimu hukusanywa kwa siku chache, huonyeshwa namna ya kuwasha, kuzima na kufungua programu, kisha hurudi vituoni. Huko wanakutana na andalio la somo ambalo halina nafasi ya kifaa, mtihani wa taifa unaoandikwa kwa kalamu, na darasa la watoto 70. Ni vigumu kumlaumu anayeamua kubaki na chaki.

Redio ilitangulia

Kabla ya kompyuta Afrika Mashariki ilikuwa na redio, na uzoefu wake unafaa kukumbukwa. Kati ya mwaka 1980 na 1985 Kenya iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule za vijijini. Zanzibar nayo, kuanzia mwaka 2006, ilitumia vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze kuwafikia watoto wadogo, wakiwamo wale waliokuwa hawana shule ya chekechea karibu nao.

Siri ya vipindi vya namna hiyo ilikuwa kimya. Mtangazaji huuliza swali, kisha redio hunyamaza kwa sekunde chache zilizopimwa kwa makusudi. Watoto hujibu kwa pamoja, huimba, husimama au huhesabu mawe, halafu sauti hurudi na kutoa jibu sahihi. Mwalimu aliye darasani huambiwa na redio hiyo hiyo la kufanya: amwite mtoto mmoja ubaoni, agawe vijiti, azunguke miongoni mwa wanafunzi.

Kwa maneno mengine, kifaa kilitengenezwa kulingana na somo, na mwalimu akapewa kazi ndani yake. Programu nyingi za kompyuta zilizokuja baadaye zilisahau yote mawili. Zilichukua kurasa za kitabu cha kiada, zikazipiga picha na kuziweka kwenye skrini.

Jaribio la Kisumu

Ushahidi wa karibu zaidi kwa wasomaji wa Afrika Mashariki ulipatikana katika kaunti ya Kisumu, magharibi mwa Kenya, chini ya mradi wa kusoma na hisabati uliojulikana kama PRIMR. Msingi wa mradi ule ulikuwa wa kawaida sana: kitabu kwa kila mtoto, mwongozo wa somo la kila siku kwa mwalimu, na mkufunzi wa eneo anayezitembelea shule na kumsaidia mwalimu.

Juu ya msingi huo watafiti walijaribu njia tatu za kuongeza teknolojia. Kundi moja la shule lilipata vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki kwa wanafunzi. Kundi la pili lilipata vishikwambi, yaani tableti, kwa walimu. Katika kundi la tatu, vishikwambi walipewa wakufunzi wa maeneo tu, wala hakuna mtoto aliyekigusa kifaa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Makundi yote matatu yalifanya vizuri kuliko shule zilizokuwa nje ya mradi. Lakini yalipolinganishwa yenyewe kwa yenyewe, hakuna lililoyashinda mengine kwa kiasi cha kuaminika, na wala hayakuzizidi kwa uhakika shule zilizopata vitabu, miongozo na ziara za wakufunzi pasipo teknolojia. Tofauti kubwa ilikuwa katika gharama: kumpa kifaa mkufunzi mmoja anayehudumia shule kadhaa ni rahisi mno kuliko kumnunulia kila mtoto.

Serikali ya Kenya na wafadhili wake walilizingatia hilo walipoanzisha mpango wa kitaifa wa kusoma wa Tusome mwaka 2015. Maafisa wa usaidizi wa mtaala walipewa vishikwambi. Afisa aliingia darasani, akaketi nyuma, akajaza kwenye kifaa yale aliyoyaona katika kipindi, kisha akawaita wanafunzi watatu wamsomee kifungu kifupi. Kifaa kilihesabu maneno aliyoyasoma kila mtoto kwa dakika. Afisa na mwalimu waliyatazama matokeo hapo hapo na kuzungumza la kurekebisha.

Takwimu hizo zilipelekwa pia katika ngazi ya kaunti, pamoja na alama ya mahali kifaa kilipokuwa. Nauli ya afisa ililipwa kwa kuangalia kama kweli alifika shuleni. Watu wanaozijua shule za vijijini wataelewa kwamba hilo peke yake lilikuwa mageuzi: mwalimu aliyekaa muda mrefu bila kutembelewa alianza kuona mtu akija kumsikiliza akifundisha.

Tanzania ilipita njia inayokaribiana na hiyo. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya watu na makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa sekta ya elimu, na idadi kubwa ikaenda kwa walimu. Faida yake inategemea kilichomo ndani. Kikiwa na mtaala, miongozo na mifano ya masomo, mwalimu aliye mbali na maktaba hupata maktaba. Kisipokuwa navyo, hubaki kuwa simu kubwa.

Peru na Rwanda

Wakati huo huo wazo la kompyuta moja kwa kila mtoto lilikuwa limekwisha kupimwa kwingineko. Peru ilinunua kompyuta zaidi ya laki nane kwa ajili ya shule zake. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika shule 319, nyingi zikiwa za vijijini. Watoto waliopata kompyuta walizitumia, na baadhi ya vipimo vya jumla vya kufikiri vilionyesha nafuu. Katika hisabati na lugha, ambayo ndiyo masomo yaliyokusudiwa, haikuonekana tofauti yoyote. Namna ya kufundisha haikuwa imebadilika.

Rwanda ilianza kugawa kompyuta za aina hiyo hiyo mwaka 2008, ikafikisha zaidi ya laki mbili. Baadaye ilibadili mwelekeo. Sera yake ya mwaka 2016 iliweka mkazo katika vyumba maalumu vyenye kompyuta, projekta na intaneti, vinavyotumiwa kwa zamu na madarasa mbalimbali. Chumba kimoja ni rahisi kukilinda, kukipa umeme na kukikarabati kuliko mashine mia tano zilizotawanyika katika mikoba ya watoto.

Pale mashine inapoishinda chaki

Ingekuwa makosa kuhitimisha kwamba kompyuta hazifundishi. Yapo mambo ambayo ubao hauyawezi.

Mfano mmoja ni umeme. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuunganisha betri, waya na balbu, na balbu ikawaka, lakini haoni kinachopita ndani ya waya. Wengi huamini kwamba mkondo wa umeme huliwa na balbu ya kwanza, ndiyo maana ya pili huwaka kwa unyonge. Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani, katika mradi wa PhET ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa tuzo ya Nobel ya fizikia, kimetengeneza programu zinazoiga majaribio ya sayansi. Katika mojawapo, mwanafunzi huunganisha saketi kwenye skrini na kuziona elektroni zikisogea kwa kasi ile ile kabla na baada ya balbu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwalinganisha wanafunzi wa chuo waliotumia programu hiyo na wenzao waliotumia vifaa halisi vya maabara. Waliotumia skrini waliyaelewa zaidi maswali ya nadharia. La kushangaza ni kwamba, walipopewa betri na waya za kweli kwa mara ya kwanza, waliunganisha saketi na kuieleza vizuri kuliko waliokuwa wamezishika tangu mwanzo. Programu hizo ni za bure, baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili, na zinaweza kupakuliwa mara moja zikatumika bila intaneti. Kwa shule ya sekondari isiyo na maabara, hiyo si anasa.

Jambo jingine lililo gumu kwa mwalimu mmoja ni kumfundisha kila mtoto kwa kiwango chake. Mjini Delhi nchini India, utafiti uliofanyika mwaka 2015 na kuchapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wanafunzi ambao wengi wao walikuwa nyuma ya madarasa yao kwa miaka kadhaa. Programu iliwauliza maswali, ikatambua wamefikia wapi, kisha ikaanzia hapo hata kama mtaala ulikuwa mbele. Katika muda wa miezi minne na nusu walipanda kwa kiasi kikubwa katika hisabati, na pia katika Kihindi. Ikumbukwe kwamba haya yalifanyika katika vituo vya baada ya masomo, na nusu ya muda watoto walikuwa na mwalimu msaidizi katika vikundi vidogo.

Na mkoani Tanga, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, lilifanyika jaribio la kuthubutu zaidi: vishikwambi bila mwalimu kabisa. Takriban watoto 2,700 wa vijiji 170 hivi, wengi wao wakiwa hawajawahi kwenda shule, walipewa vifaa vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na vituo vya kuchajia kwa nguvu za jua vikawekwa vijijini. Ilikuwa sehemu ya shindano la kimataifa la XPRIZE. Mwezi Mei mwaka 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa washindi na kugawana zawadi ya dola milioni 10.

Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Kwa mtoto asiye na shule haya ni mafanikio makubwa. Lakini takwimu hiyo hiyo inasema pia kwamba karibu nusu walikuwa bado hawajaweza kusoma neno moja.

Dakika 40, watoto 70, kompyuta moja

Hali ya kawaida katika shule za Afrika Mashariki ni mwalimu mmoja mwenye kompyuta au kishikwambi kimoja, pengine na projekta. Hali hiyo si mbaya kama inavyodhaniwa.

Mwalimu wa fizikia anayetaka kufundisha saketi anaweza kuanza kwa kuchora saketi ubaoni na kuuliza: nikiongeza balbu ya pili, ya kwanza itawaka zaidi, itafifia au itabaki vile vile? Kila mwanafunzi huamua mwenyewe na kuinua kadi yenye herufi A, B au C. Mwalimu hutazama darasa mara moja na kujua limegawanyika vipi. Wanafunzi hubishana na jirani zao kwa dakika mbili, wanainua kadi tena. Hapo ndipo projekta huwashwa, na skrini huonyesha nani alikuwa na haki. Kifaa kimetumika kwa dakika tano, lakini darasa zima lilikuwa linakisubiri.

Mbinu hiyo ya kuuliza, kupiga kura na kujadiliana ilienezwa tangu miaka ya 1990 na Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard. Vyuo vya nchi tajiri vilinunua vidude vya kielektroniki vya kupigia kura. Mwaka 2008 mtafiti Nathaniel Lasry wa nchini Kanada alilinganisha wanafunzi waliotumia vidude hivyo na waliotumia kadi za karatasi. Kiasi walichojifunza hakikutofautiana.

Katika masomo mengine nafasi ya kifaa huwa tofauti. Mwalimu wa lugha anaweza kurekodi wanafunzi wakisoma kwa sauti kwa simu yake, wakajisikiliza na kujisahihisha. Katika jiografia, picha za setilaiti za eneo la shule yenyewe, zilizopakuliwa mjini, hueleza mmomonyoko wa ardhi kuliko mchoro wa bonde la nchi ya mbali. Katika fasihi, ni kazi kuona skrini inaongeza nini ambacho sauti ya msomaji hodari haikitoi.

Umeme, fundi na lugha

Intaneti si sharti la kwanza, ingawa ndiyo hutajwa kwanza. Programu ya bure ya Kolibri, kwa mfano, huweka maelfu ya masomo kwenye kompyuta moja, na vifaa vingine darasani huyapata kwa mtandao wa ndani usiohitaji kulipiwa. Sharti la kwanza ni umeme, la pili fundi, la tatu mtu mmoja shuleni mwenye funguo na mwenye ruhusa ya kuzitumia. Mwalimu mkuu anayejua kwamba kifaa kikiibwa atakatwa mshahara, atakifungia.

Lugha nayo ina uzito wake. Tangu mwaka 2004, mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, imedhihirika kwamba lugha hii inaweza kubeba kompyuta. Hata hivyo masomo mengi ya kidijitali yaliyo tayari ni ya Kiingereza, yenye mifano ya theluji na treni za chini ya ardhi. Mwanafunzi wa Tanzania anayeingia kidato cha kwanza, ambako lugha ya kufundishia hubadilika ghafla kutoka Kiswahili, hukutana na ugumu mara mbili.

Nchi zilizotangulia zenyewe zinapunguza mwendo. Mwaka 2023 serikali ya Sweden ilitenga fedha za kununua vitabu vya karatasi kwa ajili ya shule, na mwezi Februari mwaka 2024 serikali ya Uingereza ilitoa mwongozo wa kuzuia simu za mkononi katika shule za England. Ripoti ya UNESCO ya Julai 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kuwa ushahidi usio na upendeleo juu ya manufaa yake ni haba, na kwamba sehemu ya ushahidi uliopo hutolewa na wanaouza bidhaa.

Haya yanawahusu pia Waafrika Mashariki wa Muscat, Leeds au Minneapolis wanaokusanya kompyuta zilizotumika na kuzipeleka katika shule walizosoma. Kompyuta ya mezani iliyostaafishwa na ofisi hula umeme mwingi kuliko mpakato, jambo linalosumbua shule inayotegemea paneli chache za jua. Mashine zinazotofautiana aina haziwezi kuazimana chaja wala vipuri. Ikiwa zote ni za aina moja, zimewekewa masomo ya mtaala wa nchi husika kabla ya kusafirishwa, na zimefuatana na betri za akiba na fedha za fundi wa mji ulio karibu, kumi zitafanya kazi muda mrefu kuliko 40 za mchanganyiko. Na kabla ya kontena kufungwa, inafaa mwalimu atakayezitumia apigiwe simu na kuulizwa ni mada gani humsumbua kuifundisha.